KUANZA BIASHARA MTU AKIWA AMEPITA MAKAMO
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Wanachama na Watumishi katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Muungano



Wenzangu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani, malipo ya pili na usafirishaji, nao wamezieleza kwa ufasaha kuliko niwezavyo mimi. Kwa hiyo sitayarudia. Nitashika jambo moja tu, ambalo najua halijamalizika kuzungumzwa katika vyama vyetu, na ambalo wengine wangependelea lisitajwe siku ya ngoma na pilau.

Katika mikutano ya vyama vya msingi iliyotangulia sherehe hizi, ilitolewa rai kwamba mwanachama aliyepita umri wa miaka 55 asipewe mkopo wa kuanzishia biashara mpya. Apewe mbolea na dawa kwa mkopo kama kawaida, lakini akija na habari ya mashine ya kukamua alizeti, au kukaanga na kusaga kahawa, au mizinga ya nyuki, aambiwe kwa upole kwamba awaachie vijana. Waliotoa rai hiyo si watu wabaya, wala hawana dharau kwa wazee. Wasema hivi: fedha hizi ni jasho la wanachama wote, mzee akichoka, au Mwenyezi Mungu akimwita, ni nani atakayelipa? Hoja hiyo ni ya haki, na mtu mwenye hoja ya haki hazomewi, hujibiwa.

Nami nitaijibu kwa kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Japani. Nimemchagua huyo kwa sababu mbili. Kwanza, kazi iliyompa jina aliianza baada ya kupoteza karibu kila kitu, akiwa na umri wa miaka 47. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, kilichompotezea mali yake kilikuwa ni chama cha ushirika cha mikopo, chama cha namna ya hiki chetu. Basi habari zake zatuhusu pande zote mbili: upande wa mkopaji na upande wa mkopeshaji.

Jina lake ni Momofuku Ando. Alizaliwa mwaka 1910 katika kisiwa cha Taiwan, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya utawala wa Japani. Wazazi wake walifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na babu na bibi yake, waliokuwa na duka la nguo katika mji wa Tainan. Hapo dukani ndipo alipojifunza hesabu na adabu ya biashara. Mwaka 1932, akiwa kijana wa miaka 22, alifungua kampuni yake mwenyewe ya kuuza nguo za kufuma, na baadaye akahamia Osaka, mji mkubwa wa wafanya biashara.

Nawaomba muisikilize kwa makini orodha ya kazi zake, kwa kuwa watu hupenda kumsimulia kana kwamba alikuwa mzee asiyejua lolote, akaamka siku moja akatajirika. Sivyo hata kidogo. Aliuza nguo. Alitengeneza mashine za kuonyeshea picha. Alichoma makaa. Wakati wa vita alishughulika na vipuri vya injini za ndege na nyumba za kuunganishwa. Mwaka 1945 majengo yake ya Osaka yaliteketea kwa mabomu. Vita vilipokwisha alitengeneza chumvi ya bahari pamoja na vijana waliokosa kazi. Mwaka 1948 alikamatwa kwa shtaka la kodi, shtaka ambalo yeye mwenyewe alilipinga, akakaa kifungoni karibu miaka miwili, na mali yake ikashikwa. Alipotoka alianza tena.

Kisha likaja jambo linalotugusa sisi. Ulianzishwa chama kipya cha ushirika cha mikopo huko Osaka, na wenyewe wakamwendea Ando wakamwomba awe mwenyekiti. Walilitaka jina lake. Yeye hakuwa na uzoefu wa kutunza fedha za watu, na nadhani alilijua hilo. Lakini ombi lilikuwa la heshima, na heshima ni kitu kigumu kukikataa. Mikopo ikatolewa, mingine haikurudi, na mwaka 1957 chama kikaanguka. Mwenyekiti ndiye aliyebeba dhamana. Mali yake yote ikaenda, akabakiwa na nyumba aliyokuwa akikaa pamoja na jamaa zake katika mji wa Ikeda, karibu na Osaka, na vyombo vya nyumbani.

Waheshimiwa Wajumbe, naomba nisimame hapa kidogo, hata kama nitawachosha. Hatuambiwi kwamba chama kile kilianguka kwa sababu ya umri wa wakopaji. Kilianguka kwa sababu fedha zilitoka pasipo uchunguzi wa kutosha, na juu yake alikuwako mwenyekiti wa jina. Tunao wenyeviti wa namna hiyo katika nchi zetu, tena wengi ni watu wema: mwalimu mstaafu mwenye kuheshimiwa, shehe au mchungaji, mkulima mkubwa. Tunawachagua kwa sababu watu wakiliona jina lao hutulia. Halafu hatuwapi daftari la mikopo walisome, au tunawapa wala hawalisomi, kwa kuwa kusoma daftari mbele ya Katibu kwaonekana kama kumtuhumu. Mimi nawaambia Katibu mwema hufurahi daftari lake likisomwa. Nikiulizwa ni kanuni gani ingefaa kuongezwa katika mwaka huu wa kumi, nitataja hii kabla ya ile ya miaka 55: mjumbe asiyejua jumla ya mikopo iliyochelewa katika chama chake asiweke sahihi yake.

Turudi Ikeda. Mtu wa miaka 47, amefilisika, ana mke na watoto, na jina lake limetajwa pamoja na kuanguka kwa chama. Katika umri huo wengi wetu husema, basi tena, yaliyobaki ni ya watoto. Ando alijenga kibanda kidogo nyuma ya nyumba. Akatafuta mashine kuukuu ya kutengenezea tambi, karai kubwa lenye upana wa mita moja, unga wa ngano na mafuta ya kupikia, akaanza kutafuta njia ya kutengeneza tambi ambazo mtu angeweza kuziweka kabatini kwa muda mrefu, na akitaka kula azitie maji ya moto tu. Kwa muda wa mwaka mzima hakupumzika hata siku moja, na usiku alilala yapata saa nne tu.

Mtaniuliza, kwa nini tambi? Wazo hilo halikumjia ghafula katika kibanda. Mara baada ya vita, wakati wa njaa kubwa, alipita nyuma ya stesheni ya Umeda mjini Osaka usiku wa baridi, akaona watu wamepanga mstari mrefu mbele ya kibanda cha mwuza tambi, wakitetemeka, wakingoja bakuli moja la moto. Wakati ule ngano ya msaada kutoka Marekani ilikuwa ikiingia Japani, na wakubwa wa serikali walikuwa wakiwahimiza watu wale mkate. Ando aliwauliza, kwa nini iwe mkate, na watu wetu wamezoea tambi? Akajibiwa kwamba watengenezaji wa tambi walikuwa wadogo mno, hawawezi kulisha nchi. Mambo yakaishia hapo. Lakini ule mstari wa watu aliuhifadhi moyoni kwa zaidi ya miaka 10, akiwa katika kazi nyingine, hata alipokosa kazi yote ndipo akapata nafasi ya kuushughulikia.

Hapa pana jambo ambalo wenye rai ya miaka 55 hawakulitia katika hesabu. Kijana ana nguvu na ana miaka mingi mbele yake. Lakini mtu aliyepita makamo ana kitu ambacho hakikopeshwi na chama chochote: ameona haja za watu kwa muda mrefu. Mama aliyeuza sokoni kwa miaka 30 ajua mwezi gani mafuta ya kupikia huadimika, ajua nani hulipa na nani hutoroka, ajua kwa nini wanunuzi wa mji hukataa asali yetu iliyochanganyika na nta. Elimu hiyo hatukuiandika popote, nayo ni sehemu ya mtaji.

Sasa nieleze namna alivyofanya kazi, maana twaambiwa sana habari ya uvumilivu wala hatuelezwi uvumilivu wenyewe ni wa namna gani. Kabla hajaanza, Ando aliweka masharti matano ya chakula alichokitaka: kiwe kitamu wala kisichoshe mtu, kikae muda mrefu bila kuharibika, kiwe chepesi kutayarisha, kiwe cha bei ambayo watu wa kawaida wataweza, na kiwe salama kwa afya. Masharti hayo hakuyaacha. Lakini njia ya kuyatimiza aliibadilisha kila siku.

Alitaka ladha ya mchuzi wa kuku iwe ndani ya tambi zenyewe. Alipoukanda mchuzi pamoja na unga, tambi zilikatika katika mashine. Akaacha njia hiyo. Akazitengeneza tambi kwanza, akazipika kwa mvuke, kisha akazinyunyizia mchuzi kwa debe la kumwagilia maua, lile lenye matundu mdomoni. Ikafaa. Ikabaki kazi ya kuzikausha, nayo ndiyo iliyomsumbua kupita zote. Jawabu alilipata jikoni kwa mkewe. Alimwona akikaanga tempura, yaani vipande vya chakula vilivyochovywa katika uji wa unga wa ngano, na akatazama mapovu. Mama zetu hapa wote wameyaona mapovu hayo wakikaanga bajia: ukitia donge katika mafuta ya moto, mafuta hutokota kwa kelele, kisha kelele hupungua bajia ikiiva. Yale mapovu ni maji yanayotoka. Ando akafahamu kwamba tambi zikitiwa katika mafuta ya moto maji yatatoka upesi na kuacha vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, na siku ya kuzila, maji ya moto yatapita katika vitundu vile vile na kuzilainisha. Jikoni mwa nyumba yake palikuwa na jawabu lililowashinda wenye viwanda.

Tuna methali yetu kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ni methali nzuri, lakini wengine huifahamu vibaya, wakadhani kuvumilia ni kurudia lile lile kosa mahali pale pale mpaka Mungu aone huruma. Ando alirudia kazi, hakurudia kosa. Tena angalieni gharama ya kila kosa: unga kidogo, mafuta kidogo, na usingizi. Mtu wa miaka 20 aweza kupoteza mtaji wote akaanza upya mara tatu. Mtu wa miaka 55 hawezi. Kwa hiyo mtu mzima hana budi kukosea kwa vijiko, si kwa magunia.

Na hapa nawageukia ndugu zetu wastaafu, waliorudi shambani kutoka kazi za mshahara, ambao wengi wamekwisha jiunga nasi. Sote twamfahamu mtu anayepokea kiinua mgongo chake Jumatatu, na kabla ya mwezi kwisha amenunua basi dogo la abiria. Hajapata kuendesha biashara ya basi, hajui kondakta hufanya nini na nauli za jioni, wala hajui bei ya gurudumu. Baada ya mwaka mmoja basi limesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, na kuku wanataga ndani yake. Mtu huyo hakukosa uvumilivu wala umri haukumzuia. Alikosa kibanda cha Ikeda, yaani mahali pa kujaribia kwa gharama ndogo kabla ya kutia fedha zote.

Tambi hizo ziliingia sokoni tarehe 25 Agosti, 1958. Pakiti moja iliuzwa yen 35, na wakati huo tambi mbichi za kawaida, ziitwazo udon, zilipatikana dukani kwa yen 6. Wauzaji wa jumla walisitasita. Nani atanunua tambi kavu kwa bei karibu mara sita ya mbichi? Ando hakupunguza bei wala hakuwatukana. Alikuwa amekwisha kuzionjesha kwa wateja katika duka kubwa la mjini, akazitia maji ya moto mbele ya macho yao, wakaona kwamba baada ya dakika chache chakula ki tayari. Walichokuwa wakinunua hakikuwa tambi peke yake. Walinunua na muda, na kuni, na mchuzi. Maagizo yakaanza kuja. Mkewe na jamaa zake walisaidia kutengeneza na kufunga pakiti, na kabla ya mwaka huo kwisha kampuni ikapewa jina la Nissin. Mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 48.

Basi wakatokea waigaji, wengine wakiuza bidhaa mbovu zilizoharibu jina la tambi zote. Wakulima wa hapa mwalijua jambo hili: mtu mmoja akitia mawe katika gunia, mnunuzi hushusha bei ya kijiji kizima. Ando alipata hataza za ugunduzi wake mwaka 1962, na sheria ingemruhusu kukaa peke yake. Lakini mwaka 1964 aliongoza kuundwa kwa chama cha watengenezaji wa tambi, akawaruhusu wenzake kuitumia njia yake kwa malipo, ili bidhaa zote zifuate kiwango kimoja. Mtu aliyefilisiwa na chama, miaka saba baadaye anaunda chama! Kila mara nifikapo hapa katika habari zake hunibidi niwafikirie wale wakulima wetu waliodhulumiwa na chama fulani cha zamani, wakaapa kutoweka tena mguu katika ushirika. Siwalaumu. Lakini napenda wajue kwamba yupo mtu aliyeumia kuliko wao, akatofautisha kati ya chama kilichoendeshwa vibaya na ushirika wenyewe.

Mwaka 1966, akiwa na miaka 56, alisafiri kwenda Marekani kutafuta soko. Huko Los Angeles wanunuzi wa maduka walitaka kuonja tambi zake lakini hawakuwa na mabakuli. Wakazivunja vipande, wakazitia katika vikombe vya karatasi, wakamimina maji ya moto, wakala kwa uma. Mwingine angecheka. Yeye alirudi nyumbani akiwaza juu ya vikombe. Ilimchukua miaka mitano. Kulikuwa na taabu ya kikombe chepesi kisichounguza mkono, na taabu ya kuziingiza tambi ndani zikae katikati bila kupinduka. Hiyo ya pili aliitatua kwa kuligeuza jambo juu chini: badala ya kuzitumbukiza tambi katika kikombe, alikifunika kikombe juu ya tambi. Zikauzwa Septemba 1971, kwa yen 100. Umri wake ulikuwa miaka 61.

Kwa kanuni ile iliyopendekezwa, hapa angekuwa amepita mpaka kwa miaka sita.

Wenye maduka walizikataa tena kwa sababu ya bei. Mwezi Novemba mwaka huo zikauzwa barabarani, katika mtaa wa Ginza mjini Tokyo, kwa wapita njia, na vijana wakazipenda. Kisha, Februari 1972, polisi waliizingira nyumba moja ya milimani ambamo watu wenye silaha walikuwa wamemshika mateka mwanamke mmoja. Ilikuwa baridi kali, na nchi nzima ikatazama katika televisheni askari wakila tambi za kikombe. Mauzo yakapanda sana. Wako watakaosema, hiyo ni bahati. Ndiyo, ni bahati. Lakini bahati hiyo ilimkuta bidhaa yake imekwisha kuwa mikononi mwa askari.

Wala nisiwadanganye kwamba kila alichogusa kilifaulu. Mwaka 1975 alitoa wali wa kikombe. Japani ilikuwa na ziada ya mchele, wakubwa wa serikali wakamsifu na kumtia moyo, akatumia fedha nyingi sana katika mitambo. Wenye nyumba hawakuununua. Kila mmoja alikuwa na mchele nyumbani, na kuupika halikuwa jambo la shida. Ando, mzee wa miaka 65, aliyejulikana kwa kutokukata tamaa, aliifunga kazi hiyo akakubali hasara. Mimi naiheshimu siku hiyo kuliko siku ya Ginza. Kuvumilia ni kuzuri, na ni vigumu zaidi kuvumilia aibu ya kuacha mbele ya watu waliokusifu. Kamati ya Mikopo ingefaa imwulize kila mwombaji, kijana kwa mzee: utaacha lini? Ukiona dalili gani utajua kwamba jambo hili halifai? Asiyeweza kujibu swali hilo bado hajaifikiri kazi yake.

Aliendelea na kazi. Mwaka 2005, akiwa na miaka 95, tambi zilizotengenezwa na kampuni yake kwa ajili ya wanaanga zilipelekwa angani pamoja na Mjapani Soichi Noguchi. Ando alifariki Januari 2007, mwenye umri wa miaka 96.

Nitamtaja mwingine kwa ufupi, kwa kuwa alifuata njia tofauti. Harland Sanders wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1890, alikuwa na mkahawa kando ya barabara huko Corbin, katika jimbo la Kentucky. Ilipopangwa barabara kuu mpya itakayoukwepa mji huo, thamani ya mkahawa wake ikaanguka, naye akauuza mwaka 1956, akiwa mtu wa miaka ya kustaafu. Hakujenga mkahawa mwingine. Alitia chungu chake cha mvuke na mchanganyiko wake wa viungo katika gari, akazunguka kwenye mikahawa ya watu wengine, akiwapikia kuku waonje, na aliyekubali kutumia namna yake ya kupika alimlipa senti chache kwa kila kuku. Mwaka 1964 aliiuza biashara hiyo kwa dola milioni 2. Alichouza ni elimu ya mikono yake. Wako wanachama wetu wanaokuja kuomba mkopo wa mashine, ambao kwa kweli hawahitaji mashine. Wahitaji mtu wa kuwasaidia kuuza wanachokijua. Mzee anayejua kukaanga kahawa vizuri aweza kulipwa na vikundi vitano vya vijana kuwafundisha, pasipo kukopa hata shilingi moja.

Ndugu wakulima, sisi si watu wa kuambiwa kwamba mzee haanzi. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuvunwa, na kila mmoja wenu amemwona mzee wa miaka 65 akichimba mashimo ya mibuni. Hakuna kamati iliyomwuliza umri wake. Na mbuni uliochoka hatuung'oi: twaukata shina, twaacha machipukizi mawili au matatu yaliyo bora, twayaondoa mengine, na mizizi ile ile ya zamani yaleta mazao mapya upesi kuliko mche uliopandwa leo.

Sasa nirudi kwenye ile hoja ya haki: ni nani atakayelipa? Jibu langu ni kwamba swali hilo laulizwa kwa kila mkopo, maana na vijana hufa, na vijana huhama. Kwa mkopaji wa makamo nashauri yafuatayo, ambayo nimeyaandika na kumpa Katibu. Aonyeshe kwanza jaribio alilolifanya kwa mikono yake mwenyewe na kwa fedha zake kidogo, pamoja na daftari la mauzo ya msimu mmoja, hata kama ni chupa 20 za mafuta. Mkopo utolewe kwa awamu, na awamu ya pili isitoke mpaka daftari la kwanza limesomwa. Awepo mtu wa pili, mke, mume, mtoto au mjukuu, anayefanya kazi ile pamoja naye na kuijua, tena atie sahihi. Bima ya mkopo ikatwe tangu mwanzo, wala isiachwe kwa ajili ya kuona haya kutaja kifo mbele ya mzee.

Na mwisho, nyumba ya kukaa na shamba la chakula visiwekwe rehani kwa mkopo wa kujaribia. Najua wako watakaoliona jambo hili kuwa ni ulegevu. Lakini kumbukeni kwamba baada ya kuanguka kwa chama kile cha Osaka mtu yule alibakiwa na mahali pa kukaa, na kibanda chake kilijengwa nyuma ya nyumba ile ile. Kama angetupwa barabarani na watoto wake, nani angejenga kibanda? Hili lawahusu zaidi mama zetu, ambao mara nyingi hati ya shamba haiko kwa jina lao. Mama wa miaka 52, watoto wamekua, ndiyo kwanza amepata saa zake mwenyewe, anakuja na daftari safi la mauzo ya miaka miwili, halafu twamrudisha kwa sababu ya karatasi iliyo mikononi mwa shemeji yake. Daftari lile ni dhamana. Naomba Kamati ilihesabu hivyo.

Bwana Mwenyekiti, rai ya miaka 55 itafika mbele ya Mkutano Mkuu, nami sina kura katika Mkutano huo isipokuwa moja, kama kila mwanachama. Nakala za mashauri haya zimetayarishwa kwa kila chama cha msingi. Makatibu watazichukua mezani kwa mtunza ghala kabla ya chakula. Ninawaomba wazisome kwa sauti katika mikutano yao, wazee wakiwapo na vijana wakiwapo, na wanaozipinga waandike sababu zao ili tuzijibu kabla ya kupiga kura.